Sura ya Sita: Wenza wa Jani Moja

Asubuhi hiyo sigara zilikuwa zimerudi tena.

Zililala juu ya meza ya Bi Kofia, chini ya kitambaa kibichi, nene na nyeusi, zimefungwa kwa utepe wa manjano kama alivyozoea kuzifunga mwenyewe. Mafundi wote wa ukumbi wa kukunja walikuwa wamesimama. Hakuna aliyekubali kukaa, hata wale wa meza za mbali, na msimamizi alikuwa akipita kati yao akibembeleza na kufoka kwa pumzi moja.

"Kaeni jamani, kaeni! Sigara haijawahi kumng'ata mtu!"

Hakuna aliyecheka. Na yeye mwenyewe, kwa maneno yote hayo, hakuisogelea ile meza.

Inspekta aliisogelea. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye viatu vya kelele, na ukumbi mzima ulisikiliza viatu hivyo mpaka viliponyamaza. Alichukua sigara moja, akaibonyeza kwa kidole gumba, akainusa.

"Mbichi," alisema.

"Ya jana au ya usiku huu," msimamizi alijibu kutoka mbali. "Ya wiki iliyopita ingekuwa imekwisha kukauka ngozi. Na tazama kofia yake, afande. Kile kishungi. Hakuna mkono mwingine humu ndani unaokiweza."

Kila sigara ilikuwa imefunikwa kichwani kwa kipande kidogo cha jani, na kipande hicho kilisokotwa nchani kikawa kishungi chembamba, safi, kilicholala upande. Ndicho kilichompa Bi Kofia jina lake. Wanunuzi walikitafuta kishungi hicho kabla ya kutazama bei.

Bi Kofia mwenyewe alikuwa hajaonekana tangu wiki iliyopita. Mumewe, fundi viatu, alikuwa mahabusu, na kesho asubuhi angepandishwa kizimbani kwa kumuua. Jirani aliwasikia wakigombana alfajiri ya siku aliyopotea. Mlinzi wa lango aliapa kwamba jioni ile mwanamke alitoka kazini salama. Kwa hiyo, alisema mkuu wa kituo, kati ya lango na nyumba yao kuna mtu mmoja tu wa kuulizwa, na huyo tunaye. Inspekta aliomba siku moja. Alipewa kwa shingo upande.

"Afande," koplo wake alinong'ona, "kama anakunja sigara, basi yu hai. Na kama yu hai, tumemfungia mume wa watu bure."

"Na kama hayuko hai?"

Koplo aliitazama ile meza. "Basi mimi naomba uhamisho."

Upande wa pili wa meza ileile, mwanamke mnene mwenye macho mekundu alianza kulia kwa sauti. Ukumbi mzima ulimwita Wifi, kwa sababu Bi Kofia alimwita hivyo mchana kutwa. Alikuwa dada mkubwa wa yule fundi viatu.

"Si mnaona wenyewe!" alisema. "Mkono wake huo! Ana hasira zake tu, amejificha mahali, anakuja usiku anafanya kazi yake. Mfungulieni mdogo wangu, afande. Mmemweka ndani kwa kosa gani?"

"Milango ya usiku?" Inspekta alimuuliza msimamizi.

"Nafunga mwenyewe. Funguo nalala nazo."

"Madirisha?"

"Yana nondo zote."

Mafundi walitazamana. Mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Inspekta alimgeukia.

"Na ukiona vyaelea, vimeundwa," alisema. "Msimamizi, nionyeshe zinavyoundwa. Toka mwanzo."

*

Walianza kwenye chumba cha joto, kwa kuwa ndiko jani linakoanzia likishakaushwa. Kilikuwa nyuma kabisa ya jengo, hakina dirisha, na mlango wake ulikuwa mzito wenye komeo kwa nje. Msimamizi alipoufungua, hewa kali ilitoka ikawachoma macho. Koplo alikohoa mpaka akashika ukuta.

Ndani, majani yalikuwa yamepangwa marundo marefu kuliko mtu, yamefunikwa magunia. Hakuna moto uliowashwa mle, wala bomba la mvuke. Jani lililopangwa kwa unyevu hujipasha lenyewe, msimamizi alieleza. Huchemka polepole kwa ndani, hutoa ukali wake, na mtu akilipindua kwa wakati wake hutoka laini na tamu. Alitia mkono chini ya gunia, akamwita Inspekta atie wake. Palikuwa na joto la kitanda kilichoondokewa na mtu sasa hivi.

"Huo ukali unaotoka unaua," alisema. "Kwa hiyo hapa haingii mtu peke yake. Mmoja ndani, mmoja mlangoni ameshika mlango. Hiyo ni sheria toka zamani."

"Nani huingia?"

"Mafundi wakubwa, kuchagua jani la nje. Bi Kofia hakukubali kuchaguliwa jani na mtu mwingine. Kila jioni alikuja mwenyewe na Wifi wake, wanataniana mpaka nachoka kuwasikia. Huyu anamwita mwenzake gunia, yule anamwita mwenzake kijiti. Siku hizi hakuna anayetaka kuja huku. Wanasema pameingiwa na mzimu." Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Na lile rundo la ukutani kweli limenishinda. Kipimajoto kinapanda, kinashuka, hakieleweki. Nimewaambia tulipindue, wamekataa katakata."

Inspekta alisimama akilitazama rundo la ukutani. Magunia yake yalikuwa yamechomekwa vizuri pembeni, kama shuka.

Waliendelea. Katika chumba cha pili mzee mmoja alikuwa akichana majani: alishika jani kwenye kikonyo, akauvuta uti wake wa katikati kwa mkupuo mmoja, na jani likabaki nusu mbili, ya kulia na ya kushoto. Alizipanga mafungu mawili bila kutazama.

"Kwa nini hazichanganywi?" Inspekta aliuliza.

"Mishipa yake imelala tofauti," msimamizi alisema. "Nusu ya kulia inakunjwa kwa kuzunguka upande huu, ya kushoto kwa kuzunguka ule. Ukilazimisha kinyume, mishipa inatuna, sigara inakuwa na mbavu. Kwa hiyo tuna wenza wa jani. Watu wawili, meza moja, uso kwa uso. Mmoja wa kulia daima, mwenzake wa kushoto daima. Fungu lote linaletwa kwa wa kulia, naye anampitishia mwenzake nusu yake chini ya ubao unaowatenga. Ukishazoea upande wako huuwezi mwingine. Mimi mwenyewe siuwezi."

"Bi Kofia?"

"Wa kulia. Wifi, wa kushoto. Tangu wasichana. Hata hiyo ndoa ilitokea mezani hapo. Wifi ndiye aliyemposea mdogo wake."

"Na nusu za kulia za siku hizi zinakwenda wapi?"

Mzee mchanaji alionyesha kreti pembeni kwa kidevu. Nusu za kulia zilikuwa zimejaa mpaka juu, zimeanza kujikunja kingo. Hakuna fundi aliyekubali kuzigusa.

Katika ukumbi, msimamizi alikaa mezani kwake kumwonyesha Inspekta kazi yenyewe. Alikusanya majani ya ndani kiganjani, akayakunja ili yaache njia za moshi. Hayo waliyaita utumbo. Akayavisha jani gumu, fulana. Akavilaza kwenye kalibu ya mbao na kuvikaza. Kutoka kalibu nyingine alitoa kilichokwisha kukazwa, akalinyoosha jani bora mezani, koti, akalikata kwa kisu kipana kisicho na mpini, akalizungusha mshazari toka mguuni mpaka kichwani. Mwisho, gundi kidogo isiyo na ladha, na kofia. Kofia yake haikuwa na kishungi. Aliitazama kwa haya kidogo.

"Una sigara yoyote ya Bi Kofia ya zamani?" Inspekta aliuliza. "Ya kabla hajapotea."

Ilipatikana kwenye kabati la kupumzishia sigara. Inspekta aliipeleka dirishani pamoja na ile ya asubuhi, akazisimamisha bega kwa bega kwenye mwanga. Kofia zilikuwa pacha. Urefu uleule, unene uleule. Koplo alitazama, akatikisa kichwa: hakuona kitu.

"Usitazame kichwa," Inspekta alisema. "Kila mtu humu ametazama kichwa. Tazama mwili."

Mshono wa koti la zamani ulipanda kuelekea kulia. Wa asubuhi ulipanda kuelekea kushoto. Zikiwa pamoja zilielemeana kama mapaa mawili ya nyumba.

"Mzimu gani huyu," Inspekta alisema, "anayeacha kreti zima la jani lake, akaazima la mwenzake?"

*

Mlinzi wa lango alikuwa mtu wa kupiga saluti hata kwa mabasi ya shule. Aliwapigia mbili.

"Siku ile uliwaona wakitoka?"

"Nimekwisha kusema, afande. Walitoka wote wawili, kama kawaida."

"Nani alitangulia?"

"Wifi."

"Alikuaga?"

"Aliniaga. Akasema usiku mwema."

"Bi Kofia alisemaje?"

Mlinzi aliuvuta mkanda wake.

"Alivaa nini?" Inspekta aliuliza.

"Si zile nguo zake za... Afande, wale huwa wanatoka pamoja."

"Sikukuuliza huwa. Nimekuuliza siku ile."

Mlinzi alitazama lango kana kwamba lingemjibia. "Nilimwona Wifi," alisema mwishowe. "Na mwenzake huwa nyuma yake. Mimi nikafunga lango."

"Ulifunga lango bila kumwona."

"Huwa yuko nyuma yake, afande," alirudia, na sasa alikuwa karibu kulia.

Walipokuwa wakirudi, koplo alitembea karibu sana na Inspekta.

"Kwa hiyo hakutoka," alisema.

"Hakutoka."

"Yumo humu."

"Punguza sauti."

Msimamizi aliulizwa jambo moja la mwisho, palepale mlangoni mwa ukumbi. Nani hufunika meza ya Bi Kofia jioni?

"Wifi. Ni mwenza wake, ndiye mwenye haki hiyo. Analowesha kitambaa, anafunika, ili mabaki ya jani yasikauke."

"Na asubuhi?"

"Nafunua mimi. Mbele ya watu wote."

"Kwa hiyo tangu jioni mpaka asubuhi hakuna aliyewahi kuona meza hiyo ikiwa tupu."

Msimamizi alifikiri. Rangi ya uso wake ilibadilika polepole. Mlango kufungwa, funguo, nondo, vyote vilikuwa kweli, na vyote havikuwa na maana yoyote. Sigara zilikunjwa mchana, mbele ya macho ya ukumbi mzima, na kitambaa kibichi kilizitunza mpaka asubuhi.

*

Saa ya chakula mafundi walitoka uani. Wifi hakutoka. Alibaki mezani kwake peke yake katika ukumbi mrefu, akikunja, na sauti ya kisu chake ikigonga meza ilisikika mpaka mwisho wa jengo. Inspekta alivua viatu vyake mlangoni. Alikwenda akakaa kwenye kiti cha Bi Kofia.

"Hapo hapakaliwi, afande," Wifi alisema bila kuacha kazi.

"Nimechoka kusimama."

Kati yao kulikuwa na ubao mfupi, wa kimo cha kifua. Juu yake kila mmoja aliiona mikono ya mwenzake. Chini yake, karibu na magoti, kulikuwa na tundu la mstatili, kingo zake zimelainika kwa kuguswa.

"Ulijifunza kazi kwake?"

"Yeye alijifunza haraka kuliko mimi. Nilikuwa namtazama." Mikono mizito ya Wifi ilikwenda kwa wepesi usioaminika. "Ukikaa mbele ya mtu miaka yote hii, mikono yake inakuwa kama kioo. Unajiona wewe."

"Mlipendana."

"Tuligombana kila siku. Wifi na wifi, afande, unajua mwenyewe. Asiponitukana asubuhi nilikuwa najua anaumwa."

Alikaza macho kwenye sigara aliyokuwa akiivalisha koti. Inspekta alichukua nusu ya jani ya kushoto iliyokuwa juu ya meza upande wake, akateremsha mkono chini ya ubao, polepole, akaipitisha kwenye tundu.

Upande wa pili mkono wa Wifi ulishuka. Haukusita, wala haukutafuta. Ulilipokea jani.

"Ahsante, wifi," alisema.

Kisu kilisimama. Alikuwa ameinua uso, na macho yake yalipita uso wa Inspekta yakatafuta wa mtu mwingine palepale, na kwa muda wa pumzi moja Inspekta, ambaye hakuamini mambo hayo, alitamani sana kugeuka nyuma. Hakugeuka.

Inspekta aliweka zile sigara mbili juu ya ubao, moja ya kulia, moja ya kushoto.

"Kofia umeiweza," alisema. "Koti umelizungusha kwa mkono wako."

Wifi alizitazama kwa muda mrefu. Ilikuwa dhahiri kwamba hakuwa ameliona mpaka sasa. Mbele yake, kwenye kioo chake cha miaka yote, zilikuwa sawasawa.

"Nilitaka mumwachie tu," alisema. "Mdogo wangu hajui kitu. Hajamgusa. Siku ile waligombana kwa ajili ya chumvi, afande. Chumvi!"

"Najua hajamgusa. Mtu anayemngoja ndugu yake arudi humtafuta, huuliza hospitali, huuliza jamaa. Wewe hukumtafuta hata siku moja. Ulimtengenezea dalili za kuwa hai, kwa sababu ulijua hawezi kuzileta mwenyewe. Yuko wapi?"

Koplo alikuwa amesogea bila kelele. Wifi alizungumza na lile tundu, si nao.

"Aliingia kuchagua jani. Mimi mlangoni. Akaniambia, shika mlango vizuri wewe gunia, usije ukaziba na hewa. Nikasema, hee, leo utaniomba radhi. Nikafunga, nikatia komeo. Tumefanyiana hivyo mara ngapi! Akagonga. Nikamwambia, sema, samahani wifi yangu mzuri. Akagonga tena. Nikasema, sijasikia vizuri. Kisha akanyamaza. Nikamwambia, nimekujua, unataka nifungue unirukie. Ndivyo alivyokuwa, alijificha nyuma ya mlango, ananirukia, tunacheka. Basi nikasema leo sidanganyiki. Nikakaa. Nilikuwa nacheka, afande. Yeye amenyamaza, na mimi nacheka."

"Ungeita watu," koplo alisema, na sauti yake haikuwa ya kipolisi.

"Ningewaambia nini? Kwamba nimemuua mke wa ndugu yangu kwa utani? Mdogo wangu angeniangalia kwa jicho gani?" Alijifuta pua kwa kiganja chenye rangi ya tumbaku. "Nilisema kesho nitasema. Kesho yake wakamkamata. Nikasema, wakiona sigara zake watamwachia, kisha nitajua la kufanya. Yumo kwenye rundo la ukutani. Nilimfunika vizuri. Hakupenda baridi yule."

*

Rundo lilifunguliwa alasiri, mlango ukiwa wazi na watu wawili wakiushika. Walitoa majani kwa mikono, tabaka baada ya tabaka, na joto likapanda nyusoni mwao kadiri walivyoshuka. Bi Kofia alikuwa katikati, amelazwa ubavu, mkono chini ya shavu. Jani lilikuwa limempaka rangi yake. Alikuwa kahawia ya dhahabu toka paji la uso mpaka vidole, na mwili wake ulikuwa na joto. Koplo, aliyemgusa kwanza, aliruka nyuma akapiga kelele kwamba yu hai. Msimamizi ndiye aliyelazimika kumwambia kwamba ni joto la rundo tu. Alisema hivyo huku akilia.

Wifi alitiwa pingu akiwa amekaa. Aliuliza swali moja.

"Mdogo wangu atatoka leo?"

"Leo hii," Inspekta alisema.

"Basi." Akanyoosha mikono mbele ili wamfunge vizuri.

Inspekta alitaka kulifanya mwenyewe lile lililobaki. Kituoni alimpeleka Wifi kwa mlango wa nyuma, akamwacha katika chumba cha maandishi pamoja na koplo, kisha akachukua ufunguo wa mahabusu ya wanaume. Fundi viatu alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea ukuta. Aliposikia ufunguo alisimama, akakung'uta suruali, akafunga kifungo cha juu cha shati.

"Uko huru," Inspekta alisema. "Mashtaka yamefutwa."

Mwanamume aliufunika uso kwa viganja. Mabega yake yalitikisika. Alipoviondoa alikuwa anacheka na machozi yanamtiririka.

"Amerudi," alisema. "Si niliwaambia? Askari wa zamu aliniambia sigara zake zimeonekana. Nikasema, huyo ni yeye, hawezi kuiacha kazi yake." Alimshika Inspekta mkono kwa mikono yake yote miwili. "Dada yangu amekwisha kujua? Mwambieni yeye kwanza, afande, kabla sijamwona. Wale wawili wanapendana kuliko wanavyonipenda mimi."